Ramani ya Cheche Kati ya Nairobi na Mombasa

Plagi ya silinda ya tatu ilitoka na nukta za fedha. Zilikuwa ndogo kama chumvi iliyosagwa, zimenata kwenye ile kauri nyeupe inayozunguka ncha, na nilipoipeleka juani zilimetameta. Nilidhani ni uchafu wa petroli. Fundi mmoja mzee wa Mariakani, aliyenikaribisha kwenye kivuli cha gereji yake baada ya kusikia injini ikilia mlimani, aliipokea, akaikwaruza kwa ukucha, kisha akanirudishia. "Mwanangu, huu si uchafu. Hii ni pistoni yako, inaondoka kidogo kidogo."

Gari lenyewe ni Datsun 1600 SSS, aina ileile aliyoshindia Edgar Herrmann mbio za Safari mwaka 1970. Injini yake ya awali ya L16 iliondolewa zamani. Sasa lina L18 ya sentimita za ujazo 1,770, yenye kamshafti kali (mhimili unaofungua vali), kabureta mbili za Weber, kompresheni iliyopandishwa, yaani mchanganyiko unabanwa zaidi, na kompyuta ndogo inayopanga cheche badala ya distribyuta. Ramani ya taimingi, yaani jedwali la lini cheche ipigwe, niliipanga Nairobi kwa wiki tatu, kwa uangalifu wote niliokuwa nao, na huko injini haikugonga hata mara moja. Iligonga siku iliposhuka pwani.

Ili ieleweke kilichotokea, tuanze na moto wenyewe.

Petroli na hewa ndani ya silinda havilipuki kwa mpigo mmoja. Cheche inawasha kiini kidogo cha moto kwenye ncha ya plagi, kisha moto unatambaa kwenda kwenye kuta za silinda kama unavyotambaa kwenye nyasi kavu. Kutambaa huko kunakula muda, milisekunde mbili hivi au zaidi kidogo. Sasa pistoni haimsubiri mtu. Nguvu inapatikana vizuri zaidi presha ya moto ikifika kileleni pistoni ikiwa imeshapita topu, yaani pale juu kabisa, kwa digrii kama 15 za mzunguko wa krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni. Presha ikiwahi, inaikandamiza pistoni inayojaribu kupanda. Ikichelewa, inaifukuza pistoni iliyokwisha kuondoka, na joto linaishia kwenye ekzosi. Ndiyo maana cheche inapigwa kabla ya topu, na swali zima la taimingi ni kabla kwa digrii ngapi.

Hesabu yake si ngumu. Kwenye mizunguko 1,000 kwa dakika krenki inageuka digrii 6 kwa kila milisekunde moja. Kwenye mizunguko 6,000 inageuka digrii 36. Kama moto ungechukua muda uleule kwenye kasi zote, ingebidi kwenye kasi ya juu cheche itangulie kwa digrii zaidi ya 50. Hakuna injini ya namna hii inayotaka hivyo, kwa sababu kasi ikipanda, hewa inaingia silinda kwa vurugu zaidi na vurugu hiyo inausambaza moto haraka. Kwa hiyo digrii zinapanda upesi hadi kwenye mizunguko 3,000 au 3,500, kisha mstari unalala karibu kabisa.

Kasi ni nusu tu ya habari. Nusu ya pili ni pumzi: silinda imevuta hewa kiasi gani? Ukigusa mafuta kidogo tu barabarani, mchanganyiko unaoingia ni mwembamba, tena umechanganyika na moshi uliobaki wa mzunguko uliopita. Unaungua polepole, unahitaji kuwashwa mapema, hata digrii 40 kabla ya topu. Ukikanyaga mafuta yote, silinda inajaa, chembe zimesongamana, moto unapita haraka, na digrii zinapaswa kushuka hadi 30 na kitu. Mtu anayekumbuka jambo moja tu kuhusu taimingi, akumbuke hilo: pumzi ikizidi, digrii zinapungua.

Watu wa zamani walilijua hili kwa mikono yao. Ford Model T ilikuwa na nyenzo mbili chini ya usukani, wa kulia wa mafuta na wa kushoto wa cheche, na dereva aliyesahau kuchelewesha cheche kabla ya kupiga hendeli angeweza kuvunjwa mkono, kwa sababu moto uliowahi ulirudisha krenki nyuma. Baadaye distribyuta ilichukua kazi hiyo. Ndani yake kuna vyuma viwili vinavyotanuka kwa kasi, vikishikwa na springi, na pembeni kuna kikombe chenye ngozi ya mpira kinachovutwa na mvuto wa hewa wa injini. Vyuma vinasoma kasi, kikombe kinasoma pumzi. Mwaka 1979 Bosch waliweka mfumo wa Motronic kwenye BMW 732i, kompyuta moja ikashika petroli na cheche pamoja, na tangu hapo springi zikaanza kuwaachia namba nafasi.

Naiheshimu distribyuta. Ni kifaa cha akili kweli. Lakini springi mbili haziwezi kuchora zaidi ya mistari miwili iliyonyooka, na injini iliyobadilishwa haifuati tena mistari aliyoichora mtengenezaji. Kamshafti kali inaacha vali zote mbili wazi kwa muda mrefu zaidi, kwa hiyo kwenye kasi ya chini moshi mwingi unabaki silindani na mvuto wa hewa unakuwa dhaifu na wa kuruka-ruka. Kile kikombe kinatetemeka kama kimeshikwa na homa. Injini hiyohiyo ikifika mizunguko 4,500 inavuta hewa vizuri kuliko ilivyowahi kuvuta ilipotoka kiwandani, na kwa kuwa kompresheni imepanda, haitaki digrii nyingi pale. Chini inaomba zaidi, juu inaomba pungufu, katikati inaomba kitu kingine.

Hapo ndipo ramani inapoingia. Ni jedwali. Kwenda kulia ni kasi ya injini, kwenda juu ni pumzi, ikipimwa kwa kilopaskali za presha ya hewa, na kila kisanduku kina namba moja ya digrii. Langu lina safu 12 na mistari 12, visanduku 144. Injini ikiwa katikati ya visanduku vinne, kompyuta inapiga hesabu ya wastani kati yao, kwa hiyo namba zinazopishana kwa ghafla zinaleta mshtuko kwenye mguu wa dereva. Jedwali zuri likichorwa linafanana na mteremko wa kilima, bila mashimo wala vichuguu.

Lakini kabla ya kuandika namba hata moja, lazima ujue topu iko wapi. Nimeona watu wakilipuuza hili kisha wakahangaika miezi. Puli ya mbele ya injini nyingi za zamani ina vipande viwili vya chuma vilivyoshikwa na mpira katikati, na alama za digrii ziko kwenye kipande cha nje. Baada ya miaka hamsini mpira umechoka, kipande cha nje kimeteleza, na alama inayosema sifuri haiko tena kwenye sifuri. Kwenye puli ya kipenyo cha milimita 150, digrii moja ni milimita 1.3 tu. Kuteleza kwa upana wa njiti moja ya kiberiti kunakupotosha digrii mbili hivi, na hutajua.

Njia ya uhakika ni kizuizi. Toa plagi zote, kwenye tundu la silinda ya kwanza funga plagi ya zamani iliyotolewa kauri na kuwekwa bolti butu katikati. Zungusha krenki kwa mkono, taratibu, mpaka pistoni iguse bolti. Piga alama kwenye puli. Rudisha nyuma upande wa pili mpaka iguse tena. Piga alama nyingine. Topu halisi iko katikati kabisa ya alama hizo mbili. Kukisia kwa bisibisi iliyotumbukizwa kwenye tundu hakutoshi, kwa sababu pale juu pistoni inakaa karibu kama imesimama huku krenki ikigeuka digrii kadhaa.

Kisha kompyuta nayo iamini topu hiyohiyo. Yangu inasoma gurudumu la meno 36 lenye jino moja lililotolewa, kwa hiyo kila jino ni digrii 10 na pengo ndilo linaloiambia krenki iko wapi. Ndani ya programu kuna sehemu ya kufunga taimingi kwenye namba moja. Ifunge kwenye 10, washa injini, elekeza taa ya taimingi kwenye puli, na urekebishe hadi taa nayo ionyeshe 10. Halafu pandisha kasi hadi mizunguko 4,000 na uangalie tena. Alama ikihama wakati namba imefungwa, kuna kosa, na mara nyingi ni nyaya mbili za sensa zilizogeuzwa. Pia ujihadhari na taa zenye kitufe cha kuhesabu digrii: koili zinazopiga cheche mara mbili kwa mzunguko mzima wa kazi, kama zangu, huzidanganya nyingine zikaonyesha mara mbili ya ukweli. Taa ya kawaida isiyo na kitufe ndiyo salama.

Kwenye sailensi, pale injini inapounguruma bila kukanyagwa, kamshafti kali inapenda digrii 15 au zaidi, kuliko ilivyotaka injini ya kiwandani. Kuna ufundi mdogo hapa ambao kwa kweli unanifurahisha kila nikiuona ukifanya kazi. Visanduku vya kasi iliyo chini kidogo ya sailensi yako vipe digrii mbili tatu zaidi. Injini ikianza kuzama, inaingia kwenye visanduku hivyo, inapata nguvu kidogo, inajiinua yenyewe.

Mistari ya juu ndiyo yenye hatari, kwa sababu huko ndiko injini inakoweza kugonga. Kugonga ni tofauti na moto kuwahi tu. Moto ukiwa unatambaa, mchanganyiko uliobaki pembeni ya silinda unabanwa na kuchemka. Ukizidi, unajiwasha wenyewe wote kwa pamoja. Wimbi la presha linagonga kuta, na kwenye silinda ya kipenyo cha milimita 85 kama hii sauti yake huwa karibu na mitetemo 6,700 kwa sekunde, mlio mkavu kama kokoto ndani ya kopo. Wimbi hilo linafagia ule utando mwembamba wa hewa yenye ubaridi unaoilinda pistoni. Alumini inayeyuka kwa chembe, na chembe zinarukia kwenye plagi. Zile nukta za fedha.

Kwa hiyo mistari ya juu huanzishwa na namba za woga. Watu wa injini za L mara nyingi huishia kwenye digrii 32 hadi 36 mafuta yote yakikanyagwa. Mimi nilianza na 28, kwa sababu kompresheni yangu si ya kiwandani. Wala kitabu cha gari hakisaidii sana, maana kiliandikwa enzi za petroli yenye risasi, ambayo Kenya na nchi nyingine za kusini mwa Sahara ziliiacha kufikia mwanzoni mwa 2006. Kwenye mashine ya kupimia nguvu unaishikilia injini kwenye kasi moja, mafuta yote, unaongeza digrii moja moja na kutazama nguvu. Mwanzoni kila digrii inaleta kitu. Kisha inaleta kidogo. Kisha haileti chochote, na hapo unasimama na kurudi nyuma digrii mbili. Karibu na kilele mkunjo wa nguvu umelala kiasi kwamba digrii hizo mbili hazikugharimu kitu unachoweza kukihisi, lakini zinakununulia nafasi siku ya joto au ya petroli mbovu. Masikio yanasaidiwa na bomba la shaba lililobanwa kwenye bloku, lenye mpira unaoishia kwenye vifuniko vya masikio. Kwa chombo hicho cha senti kugonga kunasikika muda mrefu kabla ya kusikika ndani ya gari.

Yote hayo niliyafanya. Nairobi.

Sasa fikiria presha ya hewa. Mombasa, usawa wa bahari, hewa inakandamiza kwa kilopaskali 101 hivi. Nairobi, mita 1,700 na zaidi juu, ni kama 82. Injini isiyo na tabo, kile kifaa cha kusukumia hewa ndani, haiwezi kuvuta presha iliyozidi ile iliyo nje. Kwa hiyo ukikanyaga mafuta mpaka sakafuni ukiwa Nairobi, sensa inasoma 80 au 82, basi. Jedwali lina mistari ya 90 na 100, lakini injini haiwezi kuifikia hata ukiitesa. Mistari hiyo ipo kwenye skrini tu. Haijapimwa, haijasikilizwa, na namba zilizomo ni zile ambazo mtu alizijaza ili nafasi isibaki tupu. Mimi nilinakili mstari wa 80 nikaubandika juu yake mara mbili. Ndivyo wafanyavyo wengi, na linaonekana jambo la busara.

Halafu unashuka. Mtito Andei, mita 700 na kitu, hewa ni kama 93. Voi ni zaidi. Kila kilomita unayoshuka inafungua mstari mwingine wa ramani ambao hakuna aliyewahi kuutembelea, na unaingia huko kwenye joto la nyika ya Taru, silinda zikiwa zimejaa kuliko zilivyowahi kujaa tangu injini ifungwe. Namba bado ni 34, ile iliyoipendeza Nairobi kwenye 80. Mlima wa kutoka Mazeras wakati wa kurudi ulimaliza maneno.

Kabureta nazo zilikuwa zimeongeza chumvi kwenye kidonda. Kabureta haipimi uzito wa hewa, inapima mwendo wake, na hewa ikiwa nyepesi petroli inazidi. Kwenye mwinuko wa Nairobi inazidi kama asilimia 8 hivi. Kwa hiyo mafundi wa Nairobi wanaweka jeti ndogo, vile vitundu vya kupitishia petroli, nami niliziweka, na mchanganyiko ukawa safi. Jeti hizohizo zikifika pwani zinatoa petroli haba. Mchanganyiko wenye petroli haba kwenye mafuta yote huongeza joto na huvuta kugonga karibu. Taimingi na petroli vilikosea upande mmoja, saa ileile.

Tiba ya jedwali ni rahisi ukishaelewa. Usinakili mstari wa juu, endeleza mteremko. Angalia digrii zinapungua kiasi gani kutoka 60 hadi 70 na kutoka 70 hadi 80, kisha shusha hivyohivyo, au zaidi kidogo, kwenye 90 na 100. Kwangu, kwenye mizunguko 3,500, mstari wa 80 una 34, wa 90 una 31, na wa 100 una 28. Ni makadirio yaliyoegemea usalama hadi ufike huko na kupima.

Kwangu kulikuwa na fundo jingine, na ndilo lililonichukua muda kulifungua. Kabureta za Weber zenye mdomo mmoja kwa kila silinda hazitoi presha tulivu ya kusomwa. Kila silinda inapumua peke yake na sindano inacheza. Wengi hukwepa kwa kuacha presha na kupima badala yake jinsi kipepeo cha kabureta, kile kisahani kinachofunguka ukikanyaga mafuta, kilivyofunguka. Kompyuta inasoma asilimia badala ya kilopaskali. Inafanya kazi vizuri sana mahali pamoja. Lakini kipepeo kilichofunguka asilimia 100 Nairobi na kile kilichofunguka asilimia 100 Mombasa ni mstari mmoja kwenye jedwali, ingawa silinda ya Mombasa imebeba hewa zaidi kwa karibu moja ya tano. Jedwali la namna hiyo halijui bahari wala mlima. Lazima liongezewe masahihisho ya presha ya nje.

Mimi pia nilifuata njia hiyo, na masahihisho hayo yalikuwemo kwenye kompyuta yangu, yakigeuza asilimia ya kipepeo kuwa kilopaskali za jedwali. Yaliwashwa. Nilikuwa nimeyakagua. Fundi wa Mariakani, ambaye maisha yake yote amefanya kazi na malori, aliniuliza swali moja: "Hiyo sensa inasoma saa ngapi?" Sikuelewa. Tukafungua kompyuta ya mkononi juu ya boneti, tukatafuta, na jibu likawa pale: sensa moja ilikuwa inafanya kazi mbili, kusoma presha ya injini na kusoma presha ya nje, na hiyo ya nje ilisomwa mara moja tu, ufunguo unapozungushwa, kabla injini haijawaka. Asubuhi ile nilizungusha ufunguo Nairobi. Nilisimama Voi kununua maji na sikuzima injini, kwa kuwa ilikuwa inaunguruma vizuri na nilikuwa nafurahia kuisikiliza. Hata nilipogeuza pwani sikuizima, nikafika kwenye mlima wa Mazeras kompyuta ikiamini bado iko kwenye hewa ya kilopaskali 82.

Tuliipunguza ramani digrii sita kwenye mistari ya juu, tukabadilisha jeti kwa zile kubwa zaidi nilizokuwa nimebeba, nikarudi taratibu. Baadaye niliongeza sensa ya pili, iliyofungwa chini ya dashibodi, isiyofanya lolote zaidi ya kusoma hewa ya nje kila sekunde. Nikaongeza pia masahihisho ya joto: hewa inayoingia ikipita nyuzi 45, digrii moja inaondoka, ikipita 55 zinaondoka mbili. Wasio na nafasi ya sensa ya pili, wazime injini na kuiwasha upya Mtito Andei, halafu Voi, halafu Mariakani. Inatosha kabisa.

Safari iliyofuata nilirekodi kila kitu. Ukifungua rekodi hiyo unaiona nukta ya kijani ikicheza chini ya 82 hadi Emali, kisha ikianza kupanda mstari kwa mstari kadiri barabara inavyoshuka. Baada ya Samburu, ule mji mdogo kabla ya Mariakani, lori moja mbele yangu, nikakanyaga mafuta yote ili nilipite. Nukta iligusa 97. Namba chini yake ilisema 29, na kwenye mpira wa masikio hapakuwa na kokoto hata moja.